Gari linalojifungia breki lenyewe: namna ya kulitumia Mwanza bila kulala usukanini

Anayenunua gari lililotumika kutoka Japani huuliza injini ni ya ngapi, linakulaje mafuta na spea zake zinapatikana wapi. Kuna swali jingine ambalo sasa ni la lazima, na ni wachache wanaoliuliza: likiwa barabarani, gari hili linafanya nini lenyewe? Baadhi ya Axio, Noah, Harrier, Forester na Serena za kuanzia 2015 zina kamera nyuma ya kioo cha mbele, na nyingine zina rada puani. Zinaweza kufunga breki bila wewe kugusa pedeli, kulifuata gari la mbele kwa umbali maalumu, hata kuuvuta usukani zikiona unatoka nje ya mstari.

Hakuna hata moja kati ya hizo linalojiendesha. Kipimo kinachotumika duniani kina ngazi sita, kuanzia 0 mpaka 5. Karibu kila gari la Kijapani utakaloliona likikata kona Mabatini au Nyakato liko ngazi ya 0, 1 au 2, maana yake dereva ni wewe kila sekunde, hata mikono ikiwa imepumzika. Honda ilipotoa gari la ngazi ya 3 huko Japani mwaka 2021, aina ya Legend, ilitoa 100 tu, tena kwa kukodisha. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hili linajiendesha, bosi", cheka kidogo kisha fanya ukaguzi ufuatao.

Jua gari lako lina nini

Liegeshe mchana mahali tambarare. Simama mbele yake utazame juu katikati ya kioo cha mbele, pale kilipo kioo cha kutazamia nyuma.

Ukiona kamera mbili zilizoachana, moja kila upande wa kile kioo cha ndani, hiyo ni EyeSight ya Subaru, mfumo ulioanza Japani mwaka 2008. Unaona mbele kwa kamera peke yake, kama mtu anavyopima umbali kwa macho mawili. Ukiona kisanduku kimoja chenye lenzi na kidirisha cheusi pembeni kwenye Toyota ndogo, hiyo ni Toyota Safety Sense C ya mwaka 2015, yenye kamera na leza. Ukiona kamera moja juu, na puani kuna nembo laini iliyozibwa kama plastiki nzito isiyo na matundu, kuna rada nyuma ya nembo hiyo. Serena ya 2016 yenye ProPILOT inatumia kamera moja kuangalia mbele.

Tofauti hizi si za mapambo. Safety Sense C ya mwanzo ilitengenezwa kutambua magari tu, kati ya mwendo wa kilomita 10 na 80 kwa saa. Haimtambui mtu. Mama mwenye ndoo kichwani anayevuka pale Igoma, kwa akili ya gari hilo, hayupo. Anayejua hivyo ataendesha kwa namna moja. Aliyeambiwa na muuzaji kwamba "lina breki ya kujifunga" ataendesha kwa namna nyingine kabisa, na hapo ndipo ajali inapoanzia.

Ingia ndani, washa swichi, usiondoke. Taa za dashibodi zitawaka zote kisha zizime. Picha ya gari linalogonga kitu ikibaki ya njano, breki ya dharura imezimwa au ina hitilafu. Picha ya gari kati ya mistari miwili ni ya kushika mstari. Kwenye usukani, kitufe chenye gari na vistari vitatu ni cha umbali wa kufuata. Maandishi ya Kijapani yapige kwa programu ya kutafsiri kwenye simu. Picha zenyewe zinafanana karibu kwa makampuni yote. Kisha andika karatasi ndogo kwa Kiswahili na uibandike chini ya dashibodi, kwa mfano:

BREKI YA DHARURA: ipo, inaona magari tu, mwisho 80.
KRUZI: inafuata gari, inajizima chini ya 40.
USUKANI: inapiga kelele tu, haikati kona.

Mstari wa pili ni wa kuzingatia. Kruzi, yaani mfumo unaoshika mwendo na kulifuata gari la mbele, zikiwa za zamani kidogo hufuata vizuri, lakini mwendo ukishuka chini ya takribani kilomita 40 kwa saa hujiachia. Hulia mlio mmoja, basi. Dereva aliyezoea kuona gari likipunguza lenyewe hudhani litaendelea mpaka lisimame. Halisimami. Nyingine, kama ProPILOT, husimama kabisa, na zikisimama zaidi ya sekunde 3 hivi hungoja ubonyeze kitufe au uguse mafuta ndipo ziondoke. Ukiwa na magari mawili nyumbani, moja la kila aina, mguu utachanganya. Ndiyo maana ya karatasi.

Usijaribu breki ya dharura kwa kumsimamisha mtu, wala kwa kupanga maboksi. Rada haiyaoni maboksi kama inavyoona bati, na mtu si kifaa cha majaribio.

Kazi yako imebadilika kutoka kuendesha kuwa ulinzi

Hili ndilo jambo lenyewe. Ukiendesha mwenyewe, mikono na miguu inakulazimisha uwe macho. Kruzi ikishika mafuta na breki, na usukani ukijishikilia, kinachobaki ni kukodoa macho ungoje kitu ambacho kwa kawaida hakitokei. Binadamu ni mlinzi mbovu wa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth aliwapima watu waliokuwa wakitazama mshale wa saa, kazi iliyofanana na ya wanajeshi waliokesha mbele ya rada, na akaona uwezo wao wa kunasa alama unashuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Nusu saa ukitoka Igoma bado hujafika Magu.

Mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alieleza kinaya kingine: mashine ikichukua kazi rahisi, inamwachia mtu ile ngumu, na inamwachia kwa ghafla, huku ikiwa imemnyima mazoezi. Ajali zilizochunguzwa Marekani zinaonyesha hilo waziwazi. Huko Florida, Mei 2016, gari la Tesla lililokuwa likiongozwa na mfumo lilipita chini ya tela la lori lililokatiza barabara. Wachunguzi walikuta kwamba katika dakika 37 za mfumo kuwa kazini, mikono ya dereva iligusa usukani kwa sekunde 25 tu.

Ya Arizona, Machi 2018, inatuhusu zaidi sisi wa mitaa ya Buzuruga na Mkuyuni. Gari la majaribio la Uber, aina ya Volvo, lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka usiku huku akisukuma baiskeli. Mfumo ulimnasa sekunde 5.6 kabla. Tatizo ni kwamba haukupangwa kutarajia mtu anayevuka pasipo zebra, ukawa unabadili mawazo: gari, kitu kingine, baiskeli. Breki ya kiwandani ya Volvo hiyo ilikuwa imezimwa ili isiingiliane na kompyuta, na mtu aliyewekwa kulinda alikuwa akitazama simu. Kwetu mtu kuvuka pasipo zebra ndiyo kawaida ya kila siku. Mashine inayomwona kama ajabu haijafundishwa barabara zetu.

Sasa weka namba kwenye barabara. Kwa mwendo wa 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2017 walipima muda ambao madereva walitumia kuchukua usukani baada ya kuombwa na mfumo, bila hatari yoyote: kati ya sekunde 1.9 na 25.7. Yule wa mwisho, kwa mwendo wa 80, amesafiri zaidi ya nusu kilomita. Katika nusu kilomita ya barabara ya Musoma kuna kituo cha daladala, kijiwe cha boda, mbuzi wawili na tuta lisilo na rangi.

Kwa hiyo, hatua za kujilinda na uchovu wa ulinzi:

Miguu isikunjwe. Mguu wa kulia ukae sakafuni karibu na breki, kisigino chini, si chini ya kiti.

Mikono ibaki kwenye usukani, yote miwili, kwa wepesi. Usifunge chupa ya maji wala kupachika chungwa ili gari lidhani umeshika. Anayedanganywa pale si gari.

Kila dakika 20 zima kruzi na kushika mstari, uendeshe mwenyewe kwa dakika 10. Weka alama kwa vijiji, si kwa saa: "mpaka daraja lile", "mpaka Kisesa".

Simu iende nyuma ya kiti, si kwenye kishikio. Gari linalojifungia breki linamshawishi dereva kusoma ujumbe mmoja, halafu wa pili.

Ukianza kushtuka kila mlio unapolia, si kwamba mfumo ni mkali; umeanza kusinzia. Simama.

Kwa wanaokwenda Geita kuna jambo jipya. Zamani kivuko cha Kigongo kilimlazimisha kila dereva azime gari, ashuke, anunue karanga, avuke ziwa akipunga upepo. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari haina kituo cha lazima, na yale mapumziko yamepotea bila mtu kuyaaga. Jiwekee ya kwako: dakika 10 Usagara kabla ya kukata kulia, au ng'ambo baada ya kuvuka.

Wapi uwashe, wapi uzime

Breki ya dharura iache imewashwa siku zote, mjini na nje ya mji. Magari mengi huiwasha yenyewe kila unapowasha injini, na hiyo ni sawa. Zungumzo la hapa ni la kruzi na kushika mstari.

Mjini zima. Barabara ya Kenyatta kuelekea Mkuyuni, Butimba na Nyegezi, au ya Nyerere kwenda Mabatini na Nyakato, hazina nafasi ya mita ambazo kruzi inazihitaji. Kwenye Toyota nyingi, kwa mwendo wa 80, umbali mrefu ni kama mita 50, wa kati 40, mfupi 30. Mjini mwendo ni mdogo na umbali unapungua, lakini hata mita 15 zilizo wazi ni mwaliko: Haisi itaingia, nyuma yake bajaji, nyuma yake bodaboda wawili. Kila mmoja akiingia gari linafunga breki, na aliye nyuma yako haelewi kwa nini unasimama katikati ya barabara tupu. Dereva naye hukasirika, akapunguza umbali mpaka mfupi kabisa, na kuanzia hapo anatembea na mita 30 hata akifika barabara kuu. Makosa ya namna hii huanzia kwenye hasira.

Nje ya mji, barabara iliyonyooka, mchana, mvua hakuna, kruzi inasaidia kweli, hasa kwa kukuzuia kupandisha mwendo bila kujua. Weka umbali mrefu. Weka mwendo unaoweza kuutetea. Kisha jihadhari na mambo haya.

Gari la mbele likiondoka. Umeweka 80, uko nyuma ya fuso linalokwenda 50 kuingia kijijini. Fuso linakata kushoto kushusha mizigo. Mbele kuko wazi, gari lako linakumbuka 80 na linakanyaga mafuta lenyewe, katikati ya kibao cha 50, na trafiki wa tochi ameketi chini ya mwembe. Kabla ya kibao chochote cha 50, gusa breki ili kruzi ijitoe. Usiishushe kwa vitufe, iondoe.

Kitu kilichosimama. Kwa mwendo mkubwa, kruzi nyingi hupuuza kitu kisichotembea, kwa sababu zikifunga breki kwa kila kibao na kila daraja hazitaendesheka. Lori lililoharibika njiani linaangukia kwenye kundi hilo hilo la vitu vya kupuuzwa.

Jua la usoni. Barabara ya Magu inaelekea mashariki. Saa 1 asubuhi ukitoka Kisesa, jua liko mbele ya kamera kama lilivyo mbele ya macho yako, na jioni ukirudi ni vilevile. Kamera ikipofuka huonyesha ujumbe na kujizima. Wakati mwingine huchelewa kuuonyesha.

Usiku. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima mifumo ya kuwatambua watembea kwa miguu mwaka 2019. Usiku haikusaidia kitu. Hata mchana, mwanasesere wa mtoto aliyechomoka katikati ya magari mawili, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 32 tu kwa saa, aligongwa kwa asilimia 89 ya majaribio. Hayo yalikuwa magari mapya, yenye vioo safi.

Mistari iliyofutika. Mfumo wa kushika mstari unahitaji mstari. Ukikuta ukingo wa lami ulioliwa na mvua, kamera inaweza kuukamata ukingo huo kama mstari na kukuvuta kidogo. Ukiona usukani unajikaza mahali ambapo wewe huoni mstari, zima.

Alama ambazo gari halizisomi

Barabara za kwetu zina lugha yake, na kamera haijui hata neno moja. Hii ndiyo sehemu ambayo dereva hawezi kumwachia mtu wala kitu.

Matawi mabichi yaliyolazwa kwenye lami: mbele kuna gari bovu, pengine mita mia, pengine baada ya kona. Gari lako litapita juu ya majani hayo bila kupunguza hata kilomita moja. Ukiona jani la kwanza, mguu kwenye breki, kruzi itoke, taa za hatari ziwake.

Lori la mbele likikupa indiketa ya kushoto mara nyingi linakwambia "pita", na ya kulia "usipite, kuna kitu kinakuja". Gari linaona taa inayowaka tu. Hata wewe usiiamini peke yake, kwa sababu huenda dereva yule anakata kona kweli.

Anayekuja mbele akikupiga full mbili: kuna trafiki, kuna ajali, au kuna ng'ombe. Mkono wa konda nje ya dirisha ukipungwa chini: daladala inasimama sasa hivi, kabla hata taa za breki hazijawaka, kama zipo. Mchungaji aliyeinua fimbo ukingoni mwa barabara akikutazama: kundi linavuka, umetaka au hukutaka. Ng'ombe wa kwanza akishavuka, wa mwisho atavuka tu.

Bodaboda aliyebeba mbao kwa upande, au magunia matatu ya mkaa mpaka mtu haonekani, ni mfano mwingine. Kamera hufundishwa kwa picha nyingi za vitu vya kawaida. Kitu kisicho na umbo la kawaida huchelewa kutambuliwa, na kuchelewa kwa sekunde moja ni mita 22.

Upande wa pili kuna wanaokutazama wewe. Anayetaka kuvuka hatazami gari, anatazama uso wa dereva. Macho yakikutana, mmekubaliana: wewe umemwona, yeye anapita. Gari likipunguza mwendo lenyewe kwa sababu ya Haisi ya mbele, huku wewe umeinamia simu, yule mtu anasoma kupungua kule kama ruhusa. Makubaliano yamefanyika na mtu ambaye hayupo. Tinti nyeusi ya kioo cha mbele inafanya jambo hilo hilo. Ukiona mtu ukingoni, inua kiganja, mpungie apite au mwonyeshe asubiri, na ufanye hivyo mapema.

Kuna athari nyingine inayokuja polepole. Vijana wa boda wakishagundua kwamba magari ya aina fulani hayagongi, yanasimama tu, watayakatiza makusudi. Huwezi kuwazuia kwa mahubiri. Unachoweza ni kutotoa nafasi ya kuchezewa: mjini endesha mwenyewe, kwa mwendo mdogo usiobadilika, gari lisionekane linashtukashtuka.

Zoezi la kushika gari

Fanya kabla ya safari ndefu ya kwanza. Tafuta kipande kirefu kilichonyooka nje ya makazi, kwa mfano baada ya Usagara kuelekea Misungwi, asubuhi, lami kavu. Chukua abiria mtu mzima mwenye leseni. Mwendo 60, umbali mrefu, kruzi imewashwa.

Abiria atazame kioo cha pembeni kwanza ahakikishe nyuma hakuna mtu karibu, kisha aseme "shika" wakati usioutarajia. Wewe: mikono miwili ikaze, mguu juu ya breki, gusa kidogo kruzi itoke. Abiria ahesabu. Mguu ukichelewa zaidi ya sekunde 2, ulikuwa umeukunja.

Mara tu baada ya hapo, kabla hujatazama popote, abiria aulize: "Nyuma yako kuna nini? Kulia kwako? Kibao cha mwisho kilisema ngapi?" Hapo ndipo wengi hukwama. Mguu unawahi, akili haijui iko wapi. Fanya mara 10, mkibadilishana. Ukikosa majibu zaidi ya mara tatu, kruzi isubiri. Endesha wiki mbili zaidi huku ukijisemea kila baada ya dakika kilicho nyuma na pembeni.

Mtoto wa nyumbani anayejifunza udereva asifundishwe kwa gari hili likiwa limewashwa kila kitu. Zima kruzi na kushika mstari, uache breki ya dharura tu. Anayejifunza umbali kwa kusikiliza mlio hatajua umbali siku mlio utakapokosekana.

Kioo, bampa na fundi

Matatizo mengi ya mifumo hii hapa kwetu huanzia gereji, wala si kwenye kompyuta.

Kioo cha mbele kikipasuka kwa kokoto, nunua chenye kiti cha kamera cha gari hilo hilo. Baada ya kukibadilisha, kamera lazima ielekezwe upya: gari kwenye sakafu tambarare, upepo wa matairi sawa, mizigo imeshushwa, ubao wa alama umewekwa mbele kwa umbali uliopimwa, na mashine ya kusoma kompyuta imeunganishwa. Fundi akisema "itajiseti yenyewe ukitembea", muulize kitabu cha gari kinasemaje. Mengine yanajirekebisha kwa kutembea, mengine hayafanyi hivyo. Kosa la digrii moja ni sentimita 87 kwa umbali wa mita 50, na mita 1.75 kwa umbali wa mita 100. Hiyo ni nusu ya njia: kamera inalifuata gari la mtu mwingine. Kama ubao haupatikani, zima mfumo kabisa na ukubali taa ya njano iwake. Mfumo uliokufa unajulikana. Uliopinda unakudanganya.

Nembo ya mbele ikiibwa, usipachike ya bandia yenye kromu. Ya asili imetengenezwa ili rada ipite. Ngao ya chuma mbele ya bampa huziba rada. Pati nene na rangi zilizorundikwa kwenye kona za bampa la nyuma huua rada za pembeni. Gari likinyanyuliwa kwa spesa ili lisigonge mawe ya milimani, kamera nayo inabadili pembe na inahitaji kuelekezwa upya. Matairi makubwa kuliko ya asili yanaharibu usomaji wa mwendo.

Stika za bima na za Nenda kwa Usalama zikae chini upande wa abiria, mbali na kamera. Rozari au tasbihi inayoning'inia kwenye kioo cha ndani isicheze mbele ya lenzi. Lenzi yenyewe isiguswe na kidole.

Kisha kuna wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaoinuka kama moshi na kufuata taa usiku. Ukipita nao karibu na maji, kioo kinajaa, wipa inawapaka kama siagi, na kamera inatazama kupitia mafuta. Beba lita moja na nusu ya maji, sabuni kidogo ya maji na kitambaa laini. Lowesha kwanza, ngoja dakika moja, ndipo ufute. Usitumie kitambaa kikavu wala nyuzi za chuma. Kioo kwa ndani nacho kifutwe mara moja kwa mwezi, kwa sababu mvuke wa plastiki na vumbi huweka ukungu mbele ya lenzi, na mtu haoni mpaka jua limpige.

Dereva wa kuajiriwa

Mwenye gari akishajua kwamba linajifungia breki, huanza kumtuma dereva Dar es Salaam peke yake, zaidi ya kilomita 1,100, kwa siku moja: "si gari linakusaidia?" Linasaidia miguu, haliondoi usingizi; tena kwa sababu dereva anabaki kulinda tu, usingizi unakuja mapema zaidi. Pangeni kama ilivyokuwa kabla ya kamera: madereva wawili, au kulala njiani.

Siku ya kumkabidhi gari, kaeni naye ndani likiwa limesimama, mpitie ile karatasi mstari kwa mstari, kisha mfanye lile zoezi naye. Mwambie wazi kwamba likitokea la kutokea, trafiki ataandika jina la aliyeketi nyuma ya usukani; Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973 na inamjua dereva, haijui kamera. Naye apewe haki ya upande wake: akisema "bosi, taa ya njano imewaka", asiambiwe aendelee tu. Azime, aandike tarehe na mahali, gari lipelekwe kwa fundi. Daftari la kurasa 40 kwenye droo ya dashibodi linatosha.

Siku ya kuliuza, kioo kikiwa kilibadilishwa bila kuelekezwa kamera, mwambie mnunuzi kabla ya bei. Karatasi ya Kiswahili iende pamoja na kadi ya gari.